Wanateka mafaili yako, halafu wanakuuzia ufunguo!

Wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na viwalo, tumzungumzie jambazi mmoja ambaye hana bunduki, hana panga, hajawahi kukanyaga mtaa wenu, na bado anaweza kuingia chumbani kwako saa nane mchana wewe ukiwa umekaa hapo hapo unakunywa soda. Habebi redio wala godoro. Anachofanya ni kulifunga kabati lako kwa kufuli lake, kisha anakuachia kikaratasi mezani: vitu vyako vyote vimo humo ndani, ukivitaka njoo ununue ufunguo.

Kabati lenyewe ni kompyuta yako. Vitu vyenyewe ni picha, barua, kazi za chuo, mahesabu ya duka, video ya kipaimara cha mdogo wako. Wataalamu wanamwita ransomuea. Mimi humu nitamwita mtekaji, maana ndiyo kazi yake: anateka, halafu anadai fidia.

Najua wapo watakaosema, "Aah, hayo ni mambo ya mabenki na maofisi ya Ulaya, mimi na kompyuta yangu ya mtumba nina nini cha kutekwa?" Msomaji wangu, hapo ndipo tunapoingizwa mjini. Benki ina mafundi wake na ina nakala za kila kitu. Wewe una laptopu moja, iliyonunuliwa kwa kudunduliza, na kila ulichonacho kimo humo humo. Nani atalia zaidi?

KINYUME CHA UTOTONI

Tuanze na hili fumbo lenyewe. Unakumbuka tulipokuwa wadogo tukiongea kinyume ili wakubwa wasituelewe? Kesho inakuwa "shoke", nyumba inakuwa "mbanyu". Asiyejua kanuni anabaki ametoa macho. Maneno yapo, herufi zipo zote, ila zimevurugwa. Ukishajua kanuni, unarudisha kila kitu mahali pake.

Mtekaji anayafanyia mafaili yako kitu cha namna hiyo. Hayafuti. Picha ya mama yako bado imo ndani ya diski, lakini imevurugwa kwa kanuni inayoendeshwa na namba ndefu ya siri. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Bila ufunguo, kompyuta ikijaribu kuifungua picha inakuta takataka tupu.

Kinyume chetu kilikuwa na udhaifu mmoja. "Kaka" ilibaki kaka, "dada" ikabaki dada, na mkubwa mjanja akisikiliza siku mbili tu anakamata siri yote. Mtekaji wa kwanza kabisa alikuwa na udhaifu wa aina hiyo hiyo.

DISKETI 20,000

Hiyo ilikuwa Desemba 1989. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliokuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Ilionekana ni disketi ya elimu. Unaiweka, inakuuliza maswali kuhusu mwenendo wako, inakuambia uko kwenye hatari kiasi gani. Safi kabisa!

Kumbe chini kwa chini inahesabu. Ukishawasha kompyuta karibu mara 90, majina ya mafaili yako yanageuzwa mafumbo na bili inatokea: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyekamatwa na kushitakiwa ni Mmarekani, Dk. Joseph Popp, msomi wa elimu ya viumbe ambaye miaka ya nyuma alikuwa Kenya akichunguza maisha ya nyani! Mahakama ya Uingereza ikaona akili yake haiko sawa kiasi cha kusimama kizimbani, kesi ikaishia hapo.

Wataalamu walifungua fumbo lake bila kumlipa senti, na programu ya kulifungua ikagawiwa bure. Kwa nini? Kwa sababu aliyefunga alitumia ufunguo ule ule wa kufungulia, na ufunguo wenyewe aliuacha ndani ya disketi. Ni sawa na mwizi akufungie kabati, halafu afiche ufunguo chini ya kapeti lako. Unainua kapeti, mchezo umekwisha.

KUFULI LA KUBANA

Wa siku hizi hawafanyi kosa hilo. Fikiria lile kufuli la kubana, ambalo kulifunga huhitaji ufunguo, unalibana tu "kach!" Mtu anaweza kukutumia kufuli mia moja kama hizo zikiwa wazi, wewe ukazibana zote, na bado usiweze kufungua hata moja. Ufunguo kabaki nao yeye, nchi nyingine.

Hesabu za namna hiyo zipo kweli na hazikutungwa na wezi. Ndizo zinazolinda pesa zako ukilipa kitu kwa intaneti. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, waliandika wakionya kwamba ipo siku mhalifu atazigeuza ziwe silaha. Siku hiyo ikafika.

Mtekaji akiingia, anavuruga mafaili yako kwa ufunguo mdogo wa haraka, maana ana haraka na wewe unaweza kuzima kompyuta wakati wowote. Akimaliza, ule ufunguo mdogo anautia kwenye kisanduku na kukibana kwa lile kufuli kubwa. Kisanduku anakuachia. Ufunguo wa kufuli anao yeye, kwenye seva yake ya mbali.

"Si tutalivunja tu hilo kufuli?" Jaribu! Kufuli lililotumiwa na mtekaji aliyeitwa CryptoLocker, aliyeibuka Septemba 2013, limejengwa juu ya namba yenye tarakimu zaidi ya 600. Mwaka 2020 wataalamu walifanikiwa kuvunja namba yenye tarakimu 250, na kazi waliyoigawia mashine nyingi mno ingekichukua kiini kimoja cha kompyuta maelfu ya miaka. Hiyo ni tarakimu 250! Kwa hiyo fundi wa mtaani akikwambia atakufungulia mafaili kwa elfu hamsini, mwulize kwa upole ameanza lini kuijaribu hiyo kazi, maana alitakiwa aanze kabla ya Yesu kuzaliwa.

ANAPITA MLANGO GANI?

Mlango wa kwanza ni barua pepe. CryptoLocker alikuwa bingwa wa huo. Unapata ujumbe kama umetoka kwenye kampuni ya vifurushi, au mteja analalamika, na faili limeambatanishwa. Kwa macho ni hati ya kawaida, alama ya PDF ile ile unayoijua. Windows ina tabia ya kuficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo unachokiona "risiti.pdf" kumbe jina lake kamili ni "risiti.pdf.exe". Huo mkia wa exe maana yake si karatasi ya kusoma, ni programu ya kuendeshwa. Ukibofya mara mbili umemfungulia mlango na kumkaribisha kiti.

Alikuwa akidai dola 300, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma inasomeka kwenye kioo: una saa 72. Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema alinasa kompyuta zaidi ya 234,000. Mwaka 2014 polisi wa nchi kadhaa walimvunjia mtandao wake, funguo zikapatikana, na Agosti mwaka huo waathirika wakafunguliwa bure. Mrusi anayetuhumiwa kuwa kinara, Evgeniy Bogachev, mwaka 2015 Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni 3 kwa atakayesaidia kumkamata.

Mlango wa pili hauhitaji hata ubofye. Mei 12, 2017 aliibuka mmoja anaitwa WannaCry, alikuwa anaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia tundu lililokuwa ndani ya Windows yenyewe. Ndani ya siku chache alishafika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, na hospitali za serikali huko Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Alizimwa na kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeligundua jina moja la tovuti ndani ya kirusi, akalisajili kwa kama dola 10, na kirusi kikanywea!

Kinachouma ni kwamba Microsoft walishatoa kiraka cha tundu hilo Machi 14, miezi miwili kabla. Waliokiweka walilala usingizi. Waliokuwa wakibofya "nikumbushe kesho" kila siku, kesho yao ilifika. Na ujue Windows 7 iliachwa kupewa viraka Januari 2020, na Windows 10 muda wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Kama bado unaitumia ya zamani, nyumba yako ina madirisha yasiyo na nondo.

Sasa mlango wa tatu. Huu ndio wetu vijana wa mjini.

KREKI YA BWERERE

Programu ya kuhariri video inauzwa kwa dola. Wewe dola huna. Unaingia kwenye intaneti unatafuta ya bure iliyokwisha vunjwa kufuli, wenyewe wanaita kreki. Unaipata, tena fasta. Inakuja imefungashwa na neno la siri, na maelekezo juu yake: "Kabla ya kuendelea, zima antivairasi."

Jamani! Mtu anakuja mlangoni na mzigo anakwambia, "Fungia mbwa kwanza ndipo niingie," na wewe unamfungia!

Ndivyo anavyopita mtekaji anayeitwa STOP, au Djvu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwaliza watu wa majumbani kuliko maofisini. Kuna mshikaji mmoja mtaani kwetu Sinza, mpiga picha za harusi, mtu mzima kidogo kwangu. Alishusha kreki ya namna hiyo usiku, akabofya, kikatokea kidirisha kinasema Windows inajisasisha, tafadhali subiri. Akaona poa, akatoka kwenda kununua chipsi. Kile kidirisha kilikuwa cha kuzuga. Nyuma ya pazia kazi ilikuwa inaendelea.

Djvu hapotezi muda kuvuruga faili zima. Anavuruga sehemu ya mwanzo tu, inatosha faili kuwa maiti, kwa hiyo diski nzima inakwisha upesi. Anafuta pia nakala za akiba ambazo Windows huzitunza kimya kimya. Na diski ya nje ikiwa imechomekwa, au flashi, navyo anavipitia. Jamaa alikuwa na diski ya nje. Ilikuwa imechomekwa.

Aliporudi na chipsi zake, kila faili limeota mkia wa herufi nne za ajabu, na kila folda lina kibarua kinaitwa _readme.txt. Bei: dola 980. Ukiwahi ndani ya saa 72, nusu bei, dola 490. Yaani zaidi ya shilingi milioni moja, na hapo ndiyo umepunguziwa!

Alinijia asubuhi macho mekundu. "Mdogo wangu, we si unaandikaga magazetini, nisaidie." Nikamwambia, "Kaka, kuandika ni kitu kimoja, lakini tuangalie."

Kile kibarua kinakuruhusu utume faili moja wakufungulie bure, uamini kwamba ufunguo wanao. Alituma picha moja, bibi wa bi harusi kakaa kwenye kiti chini ya mwembe anacheka na meno yake mawili. Ikarudi imefunguka, safi kama ilivyopigwa. Hapo ndipo roho ilipomuuma zaidi, maana yule bibi alishafariki, na picha zake nyingine zaidi ya arobaini zilikuwa humo humo ndani.

Tulichoangalia pili ni ile namba ya mwathirika iliyo mwisho wa kibarua. Djvu akishindwa kuipata seva yake wakati anafunga, anatumia ufunguo wa akiba ambao ni mmoja kwa watu wengi, na namba ya mwathirika inaishia na "t1". Hao wana bahati, maana ufunguo huo ukishapatikana kwa mmoja unawasaidia wenzake. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia Oktoba 2019, nayo inawasaidia hao na wale waliotekwa na matoleo ya zamani. Namba ya jamaa haikuishia na t1. Intaneti yake siku hiyo ilikuwa na kasi nzuri ajabu.

Harusi kumi na moja. Moja tu ilipona, kwa sababu kadi ya kamera alikuwa hajaifuta. Zilizobaki alianza kupiga simu kwa wateja mmoja mmoja. Wapo waliomwelewa. Bi harusi mmoja alikuja na shangazi zake watatu, na sitaki kusimulia kilichosemwa pale dirishani, gazeti hili linasomwa na watoto.

ULIPE AU USILIPE?

Jamaa hakulipa, kwanza hakuwa nayo. Lakini hata mwenye nayo afikirie mara mbili. Unamtumia Bitcoin mtu usiyemjua jina, hana ofisi, hana risiti, na utamshitaki wapi? Wapo waliolipa wakapewa ufunguo, wapo waliolipa wakaachwa kwenye mataa. Na kila anayelipa anamnunulia mtekaji mtaji wa kumteka mwenzake.

Ukikumbwa, chomoa waya wa intaneti au zima waifai, chomoa diski na flashi zote. Usifute mafaili yaliyofungwa, yaweke pembeni na kile kibarua chake, maana funguo huwa zinapatikana miaka ya baadaye, kama za CryptoLocker. Nenda kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Ni ya bure. Unaiwekea faili moja lililofungwa na kibarua, inakwambia umetekwa na nani na kama dawa ipo. Halafu, kwa kutumia kompyuta nyingine, badilisha maneno yako yote ya siri, kwa sababu kreki hizi mara nyingi huja na kibaka mwingine ndani anayekomba maneno ya siri.

DAWA NI YA SHILINGI CHACHE

Sasa nisikilize vizuri, dada'ngu na kaka'ngu. Hesabu zile za kufuli hatuziwezi, mimi wala wewe wala fundi wako. Lakini mtekaji ana udhaifu mmoja mkubwa: hawezi kufunga kabati ambalo halipo chumbani.

Nunua diski ya nje, hata ya mtumba iliyo nzima. Kila Jumapili ichomeke, nakili vitu vyako vya maana, ichomoe, iweke kabatini chini ya nguo. Neno kubwa hapo ni ICHOMOE. Diski inayolala imechomekwa haikukingi na mtekaji. Vile vitu ambavyo ukivipoteza utalia, weka nakala nyingine kwa ndugu au rafiki, nyumba tofauti, maana hata moto na vibaka wa kawaida wapo. Wenye kazi hizi wana msemo wa nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba.

Mengine ni madogo. Washa mikia ya majina ya mafaili ionekane. Kubali viraka vya Windows vinapokuja. Na programu usiyoweza kuinunua, tafuta inayotolewa bure na wenyewe kihalali, zipo za kuhariri video, za kuandikia, za picha, na zinafanya kazi bomba tu. Kreki ya bwerere inaweza kukugharimu harusi kumi.

Leo ni siku gani? Kama una diski ndani na una saa moja ya bure, weka gazeti pembeni uanze na picha za wazee, hao hawapigwi mara mbili. Mimi natafuta mpya ya wiki ijayo, tena hiyo itawahusu wale mnaokopa vocha na kuzima simu. Mjiandae!